Dagaa watashuka lini? Kusi, giza, na jamaa yangu anayevua juu ya barafu

Simu zinazoingia kutoka Tabora wiki hizi ni swali moja tu, dada dagaa watashuka bei lini, na jibu langu ni lilelile, kusi (upepo wa kusini) ikitulia na giza (zile siku zisizo na mbalamwezi) likiingia. Sasa mtu ukimjibu hivo anaona unamzungusha, anadhani mzigo nimeufungia stoo nasubiri bei ipande tena, kumbe ndo jibu lenyewe hilo, hamna lingine. Kwahiyo leo naandika yote hapa kwa kirefu, akipiga mwingine namtumia linki, nipumzishe koo.

Hali ilivyo. Agosti inaishia na upepo bado upo. Ukisimama Kibirizi, hapa kwetu Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, saa hizi milima ya Kongo huioni kabisa, ng'ambo yote ni vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa, jua linageuka jekundu na kupotelea humohumo kabla halijagusa maji. Alfajiri kuna kabaridi, vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wanajifunika makoti mpaka saa mbili. Ziwa asubuhi linakuwa kimya, linakudanganya kabisa, ikifika saa nne saa tano kusi inaamka, mchana kutwa inasukuma, na siku mbaya hailali hata usiku. Mwaka huu siku mbaya zimekuwa nyingi.

Kwa wale ambao hawajawahi kufika mwisho wa reli, dagaa wetu wanavuliwa usiku kwa kipe, yani mitumbwi miwili mikubwa inafungwa sambamba kwa miti mirefu, katikati unashushwa wavu mpana, taa zinawashwa juu yake, dagaa wanafuata mwanga, wakishajaa wavu unapandishwa kutoka chini. Mawimbi yakiwa makubwa mtumbwi huu unapanda ule unashuka, miti inalia, kamba zinakatika, wavu unakaa upande na dagaa wanatokea kwenye kona iliyolala, usiku mzima unavuta maji. Baba yangu mdogo ana kipe, kila siku ikifika saa kumi jioni anashuka mpaka kwenye maji, haongei na mtu, anaangalia nje kule usawa wa Bangwe, akiona povu jeupe juu ya mawimbi anawageukia vijana anasema "nendeni mkalale". Basi. Hakuna mjadala wala kura. Kuna matajiri wengine, yani wenye vipe, wanalazimisha, manake petroli wameshanunua na betri zimeshachajiwa, vijana wanaenda wanarudi na nusu beseni, ikishatolewa gharama ya tajiri hakuna cha kugawana, kijana anaingia nyumbani saa moja asubuhi hana hata mboga.

Hiyo ni kusi. Mwezi nao ni habari nyingine. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawana haja na taa yako, ziwa zima lina mwanga, wanatawanyika, kwahiyo zile siku za kuzunguka mwezi mpevu vipe vinapumzika, watu wanaziba nyavu, wanaoa, wanaenda Ujiji kusalimia mama zao. Ndo maana huku hatuhesabu mwezi kwa kalenda ya ukutani tunahesabu kwa giza, utasikia mtu anakopa mpaka giza lijalo na tajiri wa duka anaelewa kabisa ni lini. Sasa piga hesabu mwenyewe, giza likiangukia kwenye kusi kali ndo mwezi umepotea hivo, unasubiri mwingine. Hicho ndicho kilichotokea, na ndo sababu gunia lako limepanda.

Nilikuwa namweleza haya haya jamaa yangu mmoja aliye Marekani, akacheka akasema nyie mnaomba ziwa litulie, sisi huku tunaomba ligande. Nikajua leo mazungumzo ni marefu, na kwa kweli yalikuwa marefu, bando langu linajua.

Huyu jamaa ni Mbembe wa upande wa Fizi, kwao ni wavuvi wa ziwa hilihili, vita ikawaleta upande wetu, akakulia kambini Nyarugusu, mimi nilimjua kwenye dagaa, nilikuwa napeleka mzigo Kasulu yeye ananipokelea. Baadaye familia yao ikapata safari, wakapelekwa jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa karibu na Kanada. Mtu aliyezaliwa ufukweni Tanganyika ukampeleke huko! Lakini huko nako maziwa yamejaa, wenyewe wanaliita jimbo la maziwa 10,000, na kwa kweli yanazidi. Miaka ya kwanza alikaa ndani tu na baridi lake. Siku hizi amekuwa mwenyeji, na Januari iliyopita ikaingia klipu kwenye wasap, mtu mzima kavaa manguo mpaka hageuki shingo, kasimama katikati ya uwanja mweupe usio na mwisho, anasema "Yaya, niko natembea juu ya ziwa." (Yaya kwa Kiswahili cha kwao ni dada.)

Nikampelekea baba mdogo simu aone. Aliangalia mpaka mwisho, akairudia, akauliza wavu wanatega wapi. Swali la mvuvi hilo.

Jibu ni kwamba hamna wavu. Wanatoboa. Kuna keekee kubwa, ya mkono au ya injini au ya betri, unazungusha mpaka inatoka shimo la upana wa sahani, maji yanapanda mpaka karibu na ukingo, unachota vipande vya barafu kwa upawa wenye matundu, afu unashusha ndoano na chambo, kisamaki kidogo hai au kipande cha chuma kinachong'aa unakichezesha juu chini. Kiti ni ndoo uliyoipindua. Wenye uwezo wana kibanda cha turubai au cha mbao kabisa chenye jiko la gesi, na wana kidude cha sona kinachowaonyesha samaki akikaribia ndoano wakiwa wamekaa tu hapo, yani unamwona anakuja, anasita, anaondoka. Jamaa anasema hiyo inauma kuliko kutomwona kabisa.

Wanaopata zaidi huko ni wolai na pechi, na paiki ambaye ana mdomo wa meno hatari. Wolai ndo wanampenda, nyama nyeupe, na tabia yake nikaipenda kuisikia manake ni ya kikwetu, anakula vizuri jua likizama na alfajiri, macho yake yameumbwa kwa mwanga hafifu, ukimmulika yanawaka. Kwahiyo na wao wanaishi kwa saa za giza, tofauti tu ni kwamba sisi tunawasha taa wao wanakaa kimya.

Kabla ya samaki lakini kuna barafu, na hapa ndo baba mdogo alianza kusikiliza vizuri. Huwezi tu kuona ziwa jeupe ukaenda. Mamlaka ya maliasili ya jimbo inawaambia watu, barafu safi inayong'aa ikifika kama sentimeta 10 mtu anatembea, pikipiki ya theluji inataka 13 na zaidi, gari dogo karibu 25, na hiyo ni barafu safi, ile nyeupe iliyochanganyika na theluji nguvu yake ni kama nusu kwahiyo unazidisha mara mbili. Na haiwi sawa ziwa zima, penye mkondo, penye chemchemi, mdomoni mwa mto, inakuwa nyembamba na juu huoni kitu. Jamaa anatembea na fimbo ya chuma anapigapiga mbele, na shingoni kaning'iniza vijiti viwili vyenye misumari, ukitumbukia unachoma barafu unajivuta utoke. Nikamwambia sasa na wewe si ungenunua tu samaki dukani, akasema dukani hakuna ziwa.

Halafu kuna lile la Desemba 2023, ziwa linaitwa Upper Red Lake hukohuko Minnesota, watu wamejaa juu ya barafu wanavua, bapa zima likakatika likaanza kusogea na maji, zaidi ya watu 100 wakabaki upande wa pili wa maji wakasubiri kuokolewa. Wote wakatoka salama. Baba mdogo akauliza nini kilikata. Upepo. Akaniangalia. "Upepo," akasema, "sasa hapo nimewaelewa hao watu." Majira yale yote yalikuwa mabaya kwao, joto halikuwa la kawaida, barafu ikakataa kushika, mpaka shindano kubwa la uvuvi wa barafu la pale Gull Lake mji wa Brainerd likafutwa Januari 2024. Kwahiyo msidhani ni Kigoma tu tunaokaa ufukweni tunaangalia maji kwa hasira.

Kilichomchekesha mzee ni kiasi wanachopata. Jamaa kaonyesha mzigo wake wa kutwa nzima, pechi wachache na wolai mmoja, wamelala kwenye theluji pembeni ya shimo, kisamaki kinatupwa pale dakika chache kimekuwa kigumu mkia haupindi. Mzee anauliza, hiyo ni ya kwenda sokoni au ya kuonja? Nikamweleza ni ya nyumbani, kule ni starehe, una leseni na una idadi, ziwa moja kubwa linaitwa Mille Lacs miaka kadhaa waliruhusiwa wolai mmoja tu kwa mtu, tena wa kipimo fulani, akiwa mdogo unamrudisha, akizidi kidogo unamrudisha. Hapo mzee hakucheka, akanyamaza kidogo, akasema sisi hatujawahi kurudisha samaki. Na mimi kilichoniuma ni theluji yenyewe. Samaki wanaganda bure chini ya miguu yao! Huku mtu akitaka migebuka wabichi wafike mbali inabidi barafu tuinunue, na ikiyeyuka njiani ni hasara yako.

Sasa turudi kwenye kusi, manake nataka kusema kitu ambacho wengi wa mwaloni hawapendi kukisikia. Kusi tunaitukana miezi minne, na kusi ndo inatulisha.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, duniani linazidiwa na Baikal tu. (Ile Mille Lacs ya jamaa haifiki mita 15, nilimwambia hilo nalo ni bwawa, akanuna.) Lakini ndani ya hizo mita zote, samaki anaishi juu juu tu. Huku kwetu kaskazini ukishapita kama mita 100 hewa ya oksijeni imeisha, chini ya hapo ni maji ambayo samaki hawezi kukaa. Na humo chini ndo kumelala mbolea yote, kila kitu kilichokufa kikazama miaka na miaka. Juu kuna maji ya joto, digrii 25, 26, 27 hivi, chini kabisa ni kama 23 na kitu. Tofauti ni ndogo ukipima kwa mkono usingeijua, lakini inatosha kuyafanya maji ya juu yaelee na yasichanganyike na ya chini. Mbolea iko chini, mwanga uko juu, havikutani.

Kule kwa jamaa baridi ndo inafanya hiyo kazi. Maji yanakuwa mazito kuliko yote yakiwa na digrii 4, kwahiyo ziwa likipoa kabla ya majira ya baridi maji ya juu yanazama ya chini yanapanda, linageuka zima, na likianza kupata joto tena baada ya barafu kuyeyuka linageuka tena. Katikati ya hapo barafu inakaa juu, chini kabisa kunabaki na zile digrii 4, na ndo samaki wanaishi chini ya kifuniko bila kuganda. Shida kwao ni theluji ikilala nene juu ya barafu ya ziwa dogo la kina kifupi, mwanga hauingii, majani ya majini hayatengenezi hewa, samaki wanakufa wengi humo ndani na watu wanawakuta barafu ikiyeyuka.

Sisi hatuna baridi ya kugeuza ziwa. Tuna upepo. Kuanzia Mei kusi inasukuma yale maji ya joto ya juu kutoka upande wa Zambia kuja huku, yanarundikana kaskazini, kule Mpulungu maji baridi ya chini yanapanda na mbolea yake. Ndo maana miezi ya kusi kule kusini wanaweza kuwa na neema na sisi tunalia. Afu upepo ukikata, kama Septemba hivi, yale maji yaliyorundikwa kwetu yanarudi, na hayarudi mara moja yakakaa, yanaenda yanarudi kwa ndani miezi kadhaa, wimbi ambalo juu huwezi kuliona, kwenda na kurudi kwake ni kama mwezi mzima. Maji baridi ya chini yanapanda na upande wetu sasa. Mbolea inakutana na jua, maji yanaota, utaona mwezi wa kumi na kumi na moja kuna siku ziwa lina rangi ya majani kabisa, wadudu wadogo wa majini wanakula hiyo, dagaa wanakula wadudu, migebuka wanakula dagaa, na mimi nakula migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Hiyo ndo safari ya kusi mpaka kwenye sahani.

Kwahiyo mwaka ambao kusi imekuwa kali na ndefu mimi siogopi sana, nanuna tu kwa ajili ya sasa. Ninaoogopa ni mwaka wa upepo mlegevu. Watafiti wanasema maji ya juu ya ziwa yameongezeka joto karne iliyopita, na yakiwa ya joto zaidi upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini, uzalishaji unashuka. Wazee wa mwaloni hawana kipimajoto lakini ukikaa nao watakwambia kitu hichohicho kwa maneno yao, kwamba kusi ya zamani ilikuwa inang'oa mabati. Baba mdogo yeye ana nadharia ya ziada, kwamba dagaa walipungua tulipoacha taa za karabai tukaingia kwenye taa za sola, ati dagaa walipenda mlio wa karabai. Simbishii mbele za watu.

Na kwa sababu mtaniuliza kuhusu kufunga ziwa nijibu hapohapo. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi upande wetu kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane na wakue. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona ziwa lile bila taa usiku. Makelele yalikuwa mengi na mengine yalikuwa ya haki, manake tajiri wa kipe ana nyumba ya kupangisha na shamba la michikichi, lakini kijana wa kuvuta kamba na mama wa kuanika hawana lingine la kufanya, na wao ndo hawakuwa na akiba. Hapo ndo pa kurekebisha. Ila tarehe zenyewe mimi nilizikubali na bado nazikubali. Miezi hiyo ni ya kusi, usiku mwingi humo ungepotea tu kwa mawimbi, kama kuna miezi ya kulipumzisha ziwa ni hiyo, sio Oktoba. Na ziwa lina nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, huyu akifunga yule asipofunga dagaa hawajui mpaka.

Kidogo kuhusu migebuka, manake wapo walionitumia oda. Migebuka anamfuata dagaa, dagaa wakiwa mbali na yeye yuko mbali. Wiki hizi wanaonekana wachache na wadogo, wale wakubwa wa kukaanga mzima akajaa sahani hamna. Kuhe na sangala wapo wa ndoano, wa kula hapahapa mjini, hawafiki hata sokoni wanaishia kwa watu wa hoteli. Lumbu wapo wapo. (Lumbu naye ni aina ya dagaa, na ndo msafiri wa ukoo huo. Miaka ya mwisho ya 1950 lumbu wa ziwa letu walipandikizwa ziwa Kivu, huko wanaitwa sambaza, na mwaka 1967 na 1968 wakapelekwa bwawa la Kariba, kule Zimbabwe na Zambia wanamla kapenta kila siku, ni mtu wa kwetu huyo.)

Nyie wa Tabora lakini mna bahati yenu msiyoisema. Kiangazi hiki sisi tunalia na mawimbi, kwenu maji yanapungua na samaki wanabanwa. Mto Malagarasi unarudi kwenye mkondo wake, tope linabaki nje, kambale hawana pa kujificha. Sagara ni ziwa la kina kifupi, kiangazi linajikunja, perege wanapatikana kwa urahisi, na bwawa la Igombe hapo karibu na mji watu wanashinda na ndoano zao kimya kimya. Ila tusiwamalize, lile eneo lote la Malagarasi na Muyovozi liliingizwa kwenye mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhi oevu, mwaka 2000, la kwanza kwa Tanzania, na perege wa vidimbwi vya kiangazi ndo mbegu ya mvua inayokuja. Ukikuta kwenye beseni perege wa saizi ya kidole, muulize muuzaji mwakani atauza nini.

Sasa uanikaji, manake hapa ndo pesa yenu inapotelea. Faida moja ya kusi ni kwamba dagaa akipatikana anakauka vizuri. Jua lipo, upepo upo, hewa ni kavu, dagaa aliyeanikwa juu ya chanja saa mbili asubuhi jioni kakauka, kabaki na rangi yake ya fedha, mgongo una kijani kwa mbali. Masika ni shida tupu, unaanika mvua inakuja unakusanya, unaanika tena, siku ya tatu kageuka manjano ana harufu. Kwahiyo dagaa wa miezi hii ni wachache na ghali, lakini ukimweka anakaa.

Ila kuna wa chanja na kuna wa mchanga. Wa mchanga wanamwagwa chini ufukweni, jioni wanafagiliwa kwa fagio na mchanga wake humohumo, ni rahisi kwa sababu hakuna gharama ya chanja wala wavu wa kutandika. Ukifika sokoni usiangalie juu ya gunia, juu wanapanga wazuri. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, toa konzi, sugua taratibu kati ya viganja, fungua mikono uone kilichobaki kwenye mistari ya kiganja. Punje zikibaki, huyo wa mchanga. Angalia na vichwa, aliyefagiliwa vichwa vinakatika, mzigo wa chini unakuwa unga unga. Afu tafuna mmoja hapohapo mbele ya muuzaji, asikwambie eti utaenda kumuosha, mchanga ulioingia tumboni mwa dagaa hautoki kwa kuosha. Muuzaji anayekataza kuonja achana naye. Na wale wanaochanganya dagaa wa ziwa lingine humo ndani wanawauza kama wa Kigoma, wetu ni mwembamba, laini, hana uchungu. Anayejua anajua.

Basi kwa wanaosubiri mzigo wangu. Giza linalokuja ndo nategemea, na kwa ninavyoona usiku wa juzi na jana upepo umeanza kupunguza makali, baba mdogo jana jioni alisimama pale kwenye maji muda mrefu kuliko kawaida afu akawaambia vijana wachaji betri. Siahidi bei. Nachoweza kuahidi ni dagaa wa chanja tupu, gunia la kwanza linakuja kwa treni, wa Tabora mjini nitawapigia likishapakiwa, wa Kaliua na Urambo muwe mmeshafika stesheni mapema manake treni hapo haikai. Oda za migebuka wakavu nimezisimamisha mpaka niwaone kwa macho, waliokwisha kutuma pesa ya migebuka wanijulishe kama nirudishe au nigeuze iwe dagaa.